Mkono Katika Mfuko wa Patasi

Wewe unayenisikiliza, ungevibeba namna gani vyuma vitano vikali kama wembe, juu ya baiskeli, kutoka Kalunguta mpaka Butembo, ukijua kwamba katikati ya njia kuna wanajeshi na barrière, ile kamba yao ya kufungia barabara? Ukivificha, watasema umeficha silaha. Ukivibeba mkononi, watasema umekuja kupigana. Na ukiviacha nyumbani, kazi utafanya na nini? Na meno?

Swali hilo Inspecteur Kavugho wa police alikuwa nalo kichwani asubuhi ile ya mwezi wa tano, mwaka 2001, alipoingia katika bureau ya Adjudant Benoît, mkubwa wa wanajeshi wa barabara ile, pale Butembo. Waasi ndio walikuwa wanatawala mji wakati ule, na wapiganaji wa vijijini waliowapinga waliitwa Mai-Mai. Wakubwa wengi wa zamani walifukuzwa, lakini Kavugho walimwacha, labda kwa sababu walidhani mwanamke wa police hawezi kusumbua mtu.

"Kiti kiko pale," Adjudant alisema.

"Naona kiti. Hapana kiti njo kimenileta."

Vyuma vilikuwa vimepangwa juu ya meza. Patasi tano. Mbili zilikuwa na mdomo mpana uliokunjwa kama kijiko, moja ilikuwa nyembamba kama kidole cha mtoto, moja bapa iliyokatwa upande, na ya mwisho ndogo ya kukatia mti ukishamaliza kuuchonga. Mipini ilikuwa ya mpera, myeusi kwa mafuta ya mikono, na kila mpini ulichomwa alama ya mistari miwili. Kavugho aliinama akaviangalia kimoja kimoja, mbele na nyuma. Damu ilikuwa imekauka juu ya chuma kimoja tu, ile patasi ya kijiko iliyo kubwa. Vingine vilikuwa safi.

"Ongea," alisema.

"Mais nimekwisha kusema kwa bakubwa yako. Mutu anaitwa Lusenge, anachongaka mbao ku mashine, anatoka Kalunguta. Jana anafika ku barrière. Askari yangu Hénock anamuambia afungue mufuko. Hénock anaingiza mukono, paf! Mukono unapasuka. Vyuma vilisimamishwa midomo juu, bila kofia. Ni mutego, mama. Huyu ni Mai-Mai. Leo anapanda camion, anaenda Beni. Kule watamuuliza vizuri."

Watu wa Butembo walijua nyumba ile ya Bungulu, kule Beni, ambamo watu waliulizwa vizuri. Wanawake walikuwa wanarudishiwa mikanda ya waume zao.

"Weye ulikuwa ku barrière?"

"Hapana."

"Nani aliona midomo juu?"

"Hénock."

"Hénock alisema vile na kinywa yake?"

"Miye niko chef yake. Nikisema miye, ni yeye amesema."

"Donc ukikula weye, ni yeye amekula?"

Askari aliyesimama mlangoni aligeuza uso upande wa ukuta. Adjudant hakucheka.

"Camion inapakia, Inspecteur. Ikijaa, inaenda. Mambo yako ufanye mbele ya ile."

"Nitaona mufungwa. Kisha nitaona Hénock ku hospitali, na weye utakuwa pale. Ulete mufuko."

"Mufuko uko na damu, unanuka."

"Ulete vile vile. Mutu asiufungue, asiufue."

Lusenge alikuwa amefungiwa katika depo ya zamani ya kahawa. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hata halionekani, na alikaa chini, magoti yakigusa kidevu, kwa maana mahali pa kunyoosha miguu hapakuwapo.

"Tata Lusenge, miye ni Kavugho wa police."

"Nakujua. Uko mutoto ya batu ya Kirumba."

"Kirumba tutaongea siku ingine. Vyuma yako vilikaa namna gani mu mufuko?"

"Midomo chini, mipini juu."

"Uko hakika?"

"Mama, midomo ikikaa juu, ukitaka kutoa chuma unashika wapi? Unashika makali? Hata mulevi hapana fanya vile."

"Askari ulimuambia kama muko vyuma?"

"Nilimuambia. Nilisema, chef, ngoja, niko na vyuma ya kukata, acha nitoe miye mwenyewe. Alisema, funga kinywa. Akaingiza mukono."

"Sasa kofia."

Lusenge aliinamisha uso kwenye magoti.

Hapa niwaeleze. Kofia ni kipande cha mwanzi mnene, kilichokatwa karibu na kifundo ili upande mmoja uwe umejifunga wenyewe. Ndani wanatia pamba kidogo yenye mafuta. Mdomo wa patasi unaingia mle, hausikii mvua, haukati mfuko wala mgongo wa mtu. Chama cha Lusenge, cha batourneurs, yaani wale wanaochonga mbao inayozungushwa na mashine, hakikukubali mtu abebe chuma bila kofia. Ukikamatwa na chuma uchi, zamu yako ya mashine inapewa mwingine. Sharti lile lilijulikana mpaka sokoni.

"Kofia ya mianzi, kila chuma na yake," Kavugho alirudia. "Ulizipeleka wapi?"

"Nilisahau."

"Zote?"

"Nilisahau, nimesema."

"Camion unaisikia? Ile kelele ni bagunia wanatupa ndani. Ukishapanda, miye sina tena mukono ya kukufikia. Nani alitoa kofia?"

"Andika nilisahau, mama. Na muke yangu, Kyakimwa, umuambie asilie mbele yao."

Kavugho alisimama haraka hata akagonga kichwa kwenye boriti.

"Mutu anasema uongo juu ya kujiokoa, namuelewa," alisema. "Weye uko unasema uongo juu ya kufa. Basi ukufe na kichwa yako ngumu!"

Alitoka na kupiga mlango. Lakini njia aliyoshika ilikwenda kwenye atelier, karakana ya chama.

Atelier ya chama ilikuwa nyuma ya kanisa moja, nyumba ya mabati yenye dirisha kubwa upande wa mwanga. Mashine ilifungwa kwa saruji chini, chuma tupu, na gurudumu la gari la zamani liliizungusha. Wanajeshi walikuwa wamepora pale zaidi ya mara moja. Walibeba mbao, walibeba misumari, walibeba hata mlango. Mashine ilibaki kwa sababu ya uzito wake. Tangu wakati ule kila mtu wa chama akawa anarudi nyumbani na patasi zake, anazileta tena akija kazini.

Mzee Melchior, mkubwa wa chama, alikuwa anachonga mguu wa kitanda. Unga wa mbao ulikuwa umejaa kwenye nyusi zake. Wanaume wengine wa chama walikaa kwenye magogo, bila kazi. Hakuna aliyekufa mahali pale, lakini walikaa kama kwenye msiba.

"Simamisha mashine," Kavugho alisema.

Gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama.

Alitazama ukuta, rafu, chini ya rafu. Chini ya rafu palikuwa na beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa. Alivuta kitambaa. Beseni lilijaa kofia za mianzi. Aliingiza mkono, akachagua, akatoa moja, akatoa ya pili. Zilichomwa mistari miwili.

"Hii ni alama ya nani?"

Melchior alijifuta uso. "Ya Lusenge."

"Kofia ya Lusenge zinafanya nini kwako, na Lusenge iko mu cachot?"

"Ziko mu beseni."

"Naona ziko mu beseni! Nauliza juu ya nini!" Aliweka kofia zile juu ya mashine, moja baada ya nyingine, akigonga kila moja. "Juzi mulipigana na Lusenge. Wamama ya sokoni walisikia makelele yenu. Mulipigana juu ya nini?"

"Juu ya mukanda ya mashine! Aliuacha umelegea, ulinipiga mu kifua!"

"Donc ulikasirika."

"Nilikasirika, ndiyo."

"Ukamuvua chuma yake kofia, ukanyamaza, akaenda vile."

"Miye?" Mzee alitupa kitambaa chini. "Miye Melchior? Mama, weye uko na macho ao uko na vifungo ya shati? Angalia beseni yote! Hapana angalia zake tu!"

Kavugho alipindua beseni juu ya sakafu. Kofia zilibingirika mpaka chini ya magogo. Aliziokota mwenyewe akizisoma. Nyingine zilikuwa na msalaba. Nyingine na matone matatu. Nyingine na duara, na alama ya duara ilikuwa pia kwenye mpini wa patasi aliyokuwa ameshika Melchior.

"Hata zako ziko humu."

"Hata zangu."

"Za wote?"

"Za wote, mama."

Wanaume waliokaa kwenye magogo walitazama miguu yao.

"Nani ataniambia? Ao nifunge wote, nianze na mulevi?"

"Hapa hapana mulevi," mmoja alisema.

"Basi nianze na weye mwenye kinywa."

Melchior ndiye aliyesema. Alisema polepole, akiwa ameshika mashine kana kwamba itakimbia.

"Juzi ile ilikuwa sikukuu ya Yosefu Mufanyakazi. Padiri alikuja kubariki chama. Sisi tulipanga vyuma yetu mbele yake, na tulitoa kofia, sababu kama kofia iko pale, maji inaanguka juu ya mwanzi, chuma inabaki bila kubarikiwa. Padiri alimwaga maji, alimwaga sana, unajua yeye hapana choyo. Kisha alienda. Sasa vyuma viko na maji. Chuma yenye maji, ukiivalisha kofia, kesho ina kutu."

"Munaifuta."

"Na nini? Na hii?" Aliokota kitambaa chake cheusi kwa grisi. "Maji ya baraka, unaifuta na kitambaa ya kufutia mafuta, kisha unatupa kitambaa chini? Weye ungefuta?"

Kavugho alikitazama kitambaa kile. Mama yake mwenyewe alikuwa ananywesha ng'ombe maji yale.

"Tulisema, tuache ikauke yenyewe mu njia, na hewa. Kofia zibaki hapa. Kila mutu alienda na vyuma uchi, mara moja tu, juu ya baraka. Kesho yake asubuhi, Lusenge anarudi, wanamukamata."

"Na munanyamaza."

"Mama, wakisikia chama yote ilitembea na vyuma uchi, watasema chama yote ni Mai-Mai. Watatubeba wote. Na mashine watakuja kuikata na moto, wauze chuma yake. Lusenge anajua. Njo maana ananyamaza."

Hapo hasira ya Kavugho ilitoka yote. Alipiga ubao wa mashine kwa kiganja hata unga ukaruka.

"Mulibarikiwa wote, mutu mumoja njo anabeba baraka yenu! Anapigwa kule, jicho imefunga, anasema 'nilisahau, nilisahau', na nyinyi muko hapa munachonga muguu ya kitanda! Kitanda ya nani? Ya mujane?"

Alimgeukia mzee.

"Melchior. Chukua mufuko yako. Tia vyuma vitano, midomo chini, namna Lusenge anabebaka. Kofia uvalishe. Tunaenda hospitali."

"Miye, mbele ya adjudant?"

"Weye."

Mzee alivua aproni yake, akaitundika, akapanga vyuma vyake. Kila kimoja alikivalisha kofia yake. Walipotoka, Kavugho alisikia miguu nyuma yake. Aligeuka. Wanaume wote wa chama walikuwa wanakuja.

"Niliita Melchior."

"Siye pia tulibarikiwa," yule mwenye kinywa alisema.

Kwenye hospitali, katika salle, wodi ya wanaume, Hénock alilala karibu na dirisha, mkono wa kuume umefungwa bandeji mpaka kifundo. Alikuwa kijana wa mkoa wa Équateur, mrefu, mashavu yameingia ndani. Adjudant Benoît alikuwa amefika na askari wake, na mfuko wa turubai ulikuwa chini ya miguu yake. Mlangoni alisimama Kyakimwa, mke wa Lusenge, amejifunga kitenge kifuani kama mtu anayetaka kulima. Hakuwa analia. Alimwangalia Adjudant kama anavyoangaliwa mbwa aliyekula kuku.

"Umeniletea chorale, Inspecteur?" Adjudant aliuliza alipoona wanaume wa chama wanajaza mlango.

"Wataimba usipotaka kusikia. Mama Séphora, fungua bandeji."

Séphora, infirmière aliyeuguza wagonjwa wa salle ile, alisita. "Nilifunga asubuhi, Mama Inspecteur."

"Utafunga tena. Pole, Hénock."

Bandeji ilifunguka. Wagonjwa wa vitanda vya karibu waliinua vichwa.

"Kidonda inaanza wapi?"

Séphora alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Hapa, nyuma ya mukono, karibu na kifundo. Hapa njo iko ndani sana, nilishona. Kisha inashuka hivi, inaelekea ku bidole. Huku mwisho ni kukwaruza tu."

"Ku bidole, ku ncha?"

"Hapana kitu."

"Mu kiganja?"

"Safi."

"Andika mu kichwa yako, Adjudant. Sasa nipatieni sufuria moja ya bagarde-malade, yenye masizi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapikia mgonjwa wake nje alileta sufuria. Kavugho alichukua kofia za mianzi za Melchior, akazipaka masizi pande zote, akazivalisha tena. Kisha akageuza vyuma ndani ya mfuko, midomo juu, namna Adjudant alivyosema. Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono, akautoa. Akauonyesha watu wote. Vidole vilikuwa vyeusi kwenye ncha, na doa jingine lilikuwa katikati ya kiganja.

"Mutego ya midomo juu inakupiga hapa. Hénock, onyesha bidole yako."

Hénock alifungua vidole kidogo. Vilikuwa vizima.

Alinawa. Akapanga vyuma midomo chini, mipini juu. Aliingiza mkono wazi mpaka chini ya mfuko, akautoa wazi, polepole. Ulitoka na mkwaruzo mdogo wa masizi, hata huwezi kuuita alama.

"Naingia, hapana shika kitu, natoka. Hapana jeraha. Sasa tena."

Aliingiza mara nyingine. Huko chini alifumba ngumi. Akavuta juu. Mkono ulikwama, akauvuta kwa nguvu, ukatoka. Masizi yalikuwa yamechora mstari mnene nyuma ya mkono, kuanzia karibu na kifundo, ukishuka kuelekea vidoleni, ukipungua. Aliuweka mkono wake juu ya kitanda, kando ya mkono wa Hénock. Mistari ile miwili ilikuwa kama ndugu.

Séphora alisema, "Eh, Yezu."

"Mukono unaingia mwembamba, unapita," Kavugho alisema. "Unatoka munene, sababu ni ngumi. Mudomo ya chuma inangoja pale juu yake. Chuma moja tu, ile ya kijiko, njo maana damu iko ku moja. Hapana mutego. Huyu alifumba mukono juu ya kitu. Adjudant, askari yako alikuwa anashika nini?"

Adjudant alisimama. "Alikuwa anatafuta grenade!"

"Aliipata?"

"Aliitafuta."

"Mukono ilifumba. Kama aliipata, iko wapi? Iko mu bureau yako? Ao uliiuza?"

Mtu mmoja kitandani alicheka, akashikwa na kikohozi. Adjudant aligeuza maneno.

"Na kofia? Juu ya nini vyuma vilikuwa uchi? Mutu muzuri hapana tembea vile!"

"Sisi wote tulitembea vile," Melchior alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, akaitafuta, akairudia kwa nguvu. "Chama yote. Padiri alibariki vyuma, tuliacha vikauke. Kama ni kosa, ni kosa ya wote. Tuko hapa. Hesabu."

"Muko bote Mai-Mai?"

"Tuko bote wakatoliki."

"Utafunga na padiri?" Kavugho aliuliza. "Basi uanze sasa, mbele ya jumapili watu wajae kanisa."

Adjudant alitazama mlango. Wanaume walikuwa wengi kuliko askari wake, na nyuma yao wanawake wa sufuria walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyesogea.

"Sasa mufuko," Kavugho alisema. "Ule wa Lusenge."

Aliuvuta mwenyewe kutoka chini ya miguu ya Adjudant, akaupindua juu ya meza ya dawa, Séphora akiwahi kuondoa chupa zake. Kilianguka kitambaa. Kikaanguka kipande cha mpera. Mwisho, baada ya kuutikisa, lilianguka fungu la majani ya ndizi, limefungwa kwa kamba ya mgomba, limepasuka upande mmoja, limelowa damu iliyokauka. Kavugho alilifungua kwa ncha ya mkasi. Ndani yalikuwa maharagwe yaliyopondwa pamoja na viazi vitamu. Vidole vinne vilikuwa vimejichora humo, virefu, wazi kabisa, kama mtu aliyeshika ukuta wenye matope.

Kyakimwa aliingia katikati ya salle.

"Ile ni mikono yangu ilifunga!" alisema. "Ile ni chakula ya bwana yangu ya saa sita! Naiwekaka chini, chini kabisa, chini ya vyuma, munajua juu ya nini? Juu yenu! Kila siku ku barrière munakula chakula yake! Munakula ya wote! Mutu anatoka Kalunguta na baiskeli, anafika ku kazi na njaa, juu nyinyi muko na bunduki na tumbo! Nikasema, huku chini hawatafika. Na mulifika! Na sasa munataka kumuua, juu ya viazi!"

"Mama, punguza sauti," askari mmoja alisema.

"Weye nawe ulikula! Nakujua! Ulikula juma ile ingine, ulilamba na majani!"

Askari alirudi nyuma.

Kavugho alimsogelea Adjudant, karibu sana, na masizi mkononi.

"Askari wa barrière anaiba chakula ya raia, anajikata na chuma ambayo mwenyewe alimuonya. Chef yake anachukua ile anaigeuza mutego ya Mai-Mai. Unataka niiseme hapa tena, polepole, kila mutu aishike? Ao unatuma mutu ku camion?"

Camion ilisikika barabarani ikiwashwa. Adjudant alitazama meza, akatazama viazi vile, akatazama watu mlangoni waliokuwa hawapepesi macho.

"Nenda," alimwambia askari wake, bila kumtazama. "Mumushushe yule."

"Nani, chef?"

"Yule, yule! Wa mbao! Kimbia!"

Askari alikimbia. Wanaume wa chama walimpisha kisha wakamfuata mbio, Melchior akiwa wa mwisho, mfuko ukimgonga mguu. Adjudant alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni wanawake wa sufuria hawakumpisha upesi, alingoja, akapita kwa upande.

Kyakimwa hakutoka. Alisimama kando ya kitanda cha Hénock, mikono kiunoni. Nje zilisikika sauti, kisha sauti ya Lusenge akiitwa jina, kisha camion ikazimika. Hata hapo hakugeuka.

"Bwana yako wamemushusha, mama," Séphora alimwambia. "Nenda."

"Nitaenda. Huyu kwanza." Alimwinamia kijana. "Bwana yangu alikuambia ni vyuma. Alikuambia ngoja. Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Ungesema naye. Uko na kinywa. Jana mukono inamwaga damu, usiku unalala hapa, leo asubuhi chef yako anasema mutego, anasema Mai-Mai, weye unanyamaza tu. Walipiga bwana yangu ku jicho, unanyamaza tu! Ulikuwa unataka nini?"

Hénock aliangalia mlango ambao Adjudant alikuwa ametoka. Kisha aliangalia meza. Séphora alikuwa ameanza kukusanya majani yale ili ayatupe.

"Hatupewake kitu, mama," alisema. "Chef alituambia, chakula yenu iko ku barrière. Siku mbili mutu hapana pita na kitu. Bwana yako alipofika, nilisikia harufu." Aliufunika mkono wenye jeraha kwa ule mzima. "Nilikuwa na haya ya kuomba, na bunduki iko mu bega. Nilitaka kula."